Adabu ya Mezani Jeshini
(Hotuba kwa vijana wa Kakamega)

Kijana wa Kakamega aingiaye Chuo cha Kijeshi cha Lanet, Nakuru, asistaajabu akikuta kwamba hata kula kuna kanuni zake. Desturi hizo zilitoka Uingereza, zikaletwa na King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo vikosi vyake vya Kenya viligeuka kuwa Kenya Rifles mwaka 1963.

Kwa mila hiyo, katika karamu rasmi ya maofisa hakuna aondokaye mezani kabla ya mkubwa wake. Chupa ya divai hupitishwa upande wa kushoto, kisha hunywewa heshima ya mkuu wa nchi. Lakini nyikani mambo hugeuka: askari hula kwanza, ofisa hula mwisho, apate kujua kama chakula kimewatosha.

Wala kijana asidhani adabu ya kwao ni duni. Kwa Waluhya nako watu hunawa mikono kwanza, na firigisi ya kuku huwekewa mwenye mji. Huku na kule, chakula humtambulisha mkubwa. Basi mkubwa naye awakumbuke walio chini yake. Akishiba yeye nao wakalala njaa, heshima yake ni jina tupu.