Waya Umeingia, Mbona Printa Haichapi?



Leo tuzungumze juu ya kompyuta ya zamani na printa mpya. Katika safari zetu za vijijini tulikuta chama kimoja cha wakulima kimenunua printa kwa michango ya wanachama. Kompyuta yao inatumia Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Waya wa USB uliingia vizuri. Taa ikawaka. Lakini haikutoka karatasi hata moja, na muuzaji akakataa kuipokea printa tena. Wanachama wakaanza kumnung'unikia mweka hazina. Kumbe maskini hakula fedha ya mtu!

Je, kosa lilikuwa wapi? Waya ni njia tu. Ukiletewa barua ya lugha usiyoijua, barua imefika, lakini huwezi kuisoma. Kompyuta nayo inahitaji programu ya kusemezana na printa. Mafundi huiita draiva. Printa nyingi za siku hizi hazina draiva ya Windows XP, kwa sababu mfumo huo uliacha kutunzwa na watengenezaji wake mwaka 2014.

Kompyuta za zamani zaidi hazina hata mlango wa USB. Zina mlango mpana wenye matundu 25. Madukani zipo nyaya za kugeuza. Tahadhari! Nyingi ni za kuunga kompyuta mpya na printa ya zamani. Kinyume chake hazifanyi kazi.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuandike kwenye karatasi jina la mfumo wa kompyuta yetu na aina ya mlango wake. Twende nayo dukani.

Pili, tusome sanduku la printa. Kama jina la mfumo wetu halimo, tusilipe bado.

Tatu, tuulize kama printa inaelewa PCL au PostScript. Hizo ni lugha za tangu miaka ya 1980, na kompyuta nyingi za zamani zinazijua.

Nne, ikiwezekana, tubebe kompyuta yetu, printa ijaribiwe mbele ya macho yetu.

Na waliokwisha kununua? Wasiitupe. Waandike barua kwenye kompyuta ya zamani, waihifadhi kwenye flashi, kisha waichape kwa kompyuta mpya. Chama kile sasa kinafanya hivyo, kwa kompyuta ya kuazima shuleni. Mweka hazina naye ameombwa radhi mkutanoni.

Ndugu, tulijifunza kusoma ili tusidanganyike. Tusome sanduku kwanza, fedha baadaye.