HOTUBA YA MWENYEKITI: MPAKA UMEFUNGUKA, TUVUKE NA CHETI



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi. Tulianza na akiba kidogo kidogo, leo wengi wetu tunafanya biashara Namanga, upande wa Tanzania na upande wa Kenya.

Mpaka huu tumeuona ukibadilika. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika ulifungwa, sisi tukiwa watoto, ukafunguliwa 1983. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha mwaka 1999, Umoja wa Forodha ukaanza 2005, Soko la Pamoja 2010. Desemba 2018 hayati Rais Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta walifungua kituo cha pamoja cha Namanga. Huo ndio utandawazi tunaousikia redioni.

Lakini jamani, mpaka haujafutika. Umefunguka kwa mwenye karatasi. Miaka ya mwanzo mwenzetu mmoja alichukua mkopo wa kikundi, akapitisha maharage njia ya panya. Akakamatwa. Mzigo ukaenda, deni likabaki. Alilia, nasi tulilia, maana fedha ile ilikuwa ya wote. Tulichanga miezi minane kuziba lile pengo.

Kumbe maharage yale yangepita kihalali! Bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya, zilizozalishwa humu humu Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, zinapewa Cheti cha Uasili kilichorahisishwa pale pale mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa mazao bado upo. Sisi hatukujua, na dalali hakutuambia. Angetuambia, yeye angekula wapi?

Mabinti zetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani nao ni hivyo hivyo. Kibali cha kukaa kule kinamfunga kwa mwajiri wake. Asisaini mkataba asioelewa.

Kwa hiyo tumekubaliana: anayekopa kwa biashara ya mpakani afundishwe kwanza na mwenzake kupata cheti, kisha alete nakala kwenye kikao. Nawe Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie orodha ile ibandikwe sokoni kwa Kiswahili, maana wengi wetu tumeishia darasa la saba.

Haba na haba hujaza kibaba.