Mbele ya kutumiwa USDT
(Maongezi na wanachama, Baraka)

Ukikosea namba mu M-Pesa, unakimbia kwa Vodacom. Pengine feza inarudi kama haijatolewa. USDT, ile dola ya mu intaneti, haina ofisi kama hiyo. Ikienda, imeenda.

Basi mtoto aliye Marekani akitaka kukutumia, muelewane kwanza mtandao. Adresi ya Tron inaanza na T. Ya Ethereum inaanza na 0x, na ya BNB Chain vilevile. Hapo ndipo watu wanapotelea. Asinakili adresi kwenye orodha ya zamani, wezi wanaingiza mo yao inayofanana mwanzo na mwisho. Umpe wewe mwenyewe.

Atume dola 2 kwanza. Ndiyo, ada italipwa mara mbili. Lakini dola 200 za mbegu zikipotea, tutapanda nini? Ukiziona zile 2, mpigie simu, ndipo atume zinazobaki.