Gazeti Moja, Wasomaji Ishirini

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi katika mkutano wa wanachama, Mabanga. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Katika mkutano uliopita tuliuliza swali moja: Ni nani kati yetu anayejua kima cha chini cha mshahara wa mtu wa shamba? Mikono mitatu iliinuliwa, na mmoja katika hiyo ulikuwa ukiomba ruhusa ya kwenda nje. Tukauliza swali la pili: Ni nani aliyesoma gazeti wiki hii? Ukumbi mzima ukainua mikono.

Jambo hili lilitushangaza. Watu wote wanasoma, na watu wote hawajui! Basi tulikata shauri kuchunguza. Kwa muda wa mwezi mmoja tumekuwa tukiangalia jinsi watu wa hapa wanavyosoma gazeti: katika kibanda cha chai, kwa kinyozi, ndani ya matatu za Bungoma na Kitale, na hata katika ofisi yetu wenyewe. Leo tunawaleteeni taarifa. Hatutamtaja mtu kwa jina lake. Lakini mtu akiona jirani yake anamtazama na kucheka, asitulaumu sisi.

Wa kwanza ni Bwana Kinyumenyume. Huyu hulifungua gazeti kwa nyuma, penye mpira. Ikiwa Ingwe wameshindwa, gazeti la siku hiyo limekwisha. Atalikunja, atalikalia, na chai yake itapoa. Ikiwa wameshinda, atausoma ukurasa ule ule mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti. Anajua mchezaji fulani wa Uingereza ana umri gani, alinunuliwa kwa pesa ngapi na goti lake linauma upande gani. Tulimwuliza, "Bwana, wewe una haki ya siku ngapi za likizo kwa mwaka?" Akajibu, "Hayo mambo ni ya karani." Ndugu zangu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema si chini ya siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12. Goti la Mwingereza halitakuletea hata siku moja kati ya hizo.

Wa pili ni Bwana Shingo Ndefu. Huyu hanunui gazeti, wala haombi. Hukaa nyuma yako katika matatu, na shingo yake ikapita juu ya bega lako. Ukitaka kugeuza ukurasa atakuambia, "Ngoja kidogo, ndugu, sijamaliza." Mmoja wetu aliambiwa hivyo mara mbili kabla ya kufika Bungoma, na aliposhuka Shingo Ndefu alimwomba amwachie gazeti, kwa kuwa yeye anaendelea na safari.

Lakini tusimcheke sana. Katika nchi zetu gazeti halikupata kuwa la mtu mmoja. Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na Baraza lilipoanza Nairobi mwaka 1939, nakala moja ilipita mikono mingi. Mwalimu alisoma, wengine wakasikiliza, na aliyesikia akaenda kuwasimulia wa nyumbani. Taifa Leo nalo, lilipoanza kutoka kila siku mwaka 1960, lilisomwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Shingo Ndefu si mwizi. Yeye ni mrithi wa desturi ya zamani, ila amesahau kusema hodi.

Wa tatu ni Bwana Kichwa cha Habari. Huyu husimama mbele ya muuzaji asubuhi, mikono nyuma, akasoma yale maandishi makubwa tu. Hagusi karatasi. Kisha huenda zake, na siku nzima anabishana. Ukimwambia kwamba chini ya yale maandishi makubwa palikuwa na maelezo mengine, atakuuliza kama wewe ndiwe mhariri. Ndugu zangu, huyu ndiye msomaji wa hatari kuliko wote, na tutarudi kwake baadaye.

Wa nne ni Bwana Picha. Huyu hutafuta picha za wakubwa, na kama mkubwa ametoka upande wetu, hutazama ni nani waliosimama nyuma yake. Mwaka 2011, mapatano ya amani ya jamii za Mlima Elgon yalipofanyika hapa na kuitwa kwa jina la Mabanga, wako watu waliotafuta vichwa vyao wenyewe magazetini wiki nzima. Wengine hawakuwa hata karibu na mahali penyewe! Hapa lazima tukiri: katika halmashauri yenu wamo akina Bwana Picha wasiopungua wawili.

Wa tano ni Bwana Simu. Yeye hutucheka sisi wote na kusema gazeti la karatasi ni mambo ya wazee. Kila kitu anacho mfukoni. Ni kweli, anacho. Lakini husoma mstari mmoja, akashtuka, akawapelekea watu arobaini kabla hajafika mstari wa pili. Mwezi uliopita alituletea habari ya kazi nyingi Kitale. Vijana wanne walilipa nauli. Walipofika waliambiwa tangazo lile ni la mwaka juzi. Muuza mandazi wetu naye hufunga mandazi kwa magazeti ya kale, na habari zake huja na mafuta. Lakini angalau karatasi yake ina tarehe pembeni!

Wa sita ni Mama Tanzia. Huyu hufungua moja kwa moja penye matangazo ya vifo, na vijana humwita kwa jina hilo kwa mzaha. Hebu tumtazame vizuri. Yeye husoma jina lote, mpaka la babu. Husoma kijiji, husoma siku ya mazishi, husoma watoto wa marehemu wanafanya kazi wapi. Kisha huandika katika daftari na kuwaarifu wanaohusika, na mchango unaanza. Mara ngapi tumefika kwenye msiba kwa wakati kwa sababu yake? Katika uchunguzi wetu wote, yeye alikuwa mmoja kati ya wawili wanaosoma jina, mahali na tarehe. Wengine husoma kelele tu.

Na huyo mwingine ni nani? Ndugu zangu, huyu ndiye tuliyemcheka kuliko wote, na leo tunataka kumwomba radhi.

Mnamjua mzee yule ambaye vijana humwita Kuka. Hakwenda shule. Siku moja mtu alimpa gazeti penye kibanda cha chai, akalishika juu chini, na kibanda kizima kikavunjika kwa kicheko. Tangu siku ile, kila apitapo, mtu humwuliza, "Kuka, leo dunia imesimama kwa kichwa?" Naye hucheka pamoja nao na kwenda zake.

Hatukujua kwamba kila Ijumaa jioni mzee huyu humketisha mjukuu wake, msichana wa shule, na kumwambia amfungulie katika simu Gazeti Rasmi la Serikali, lile ambalo hutoka kila Ijumaa. Hataki siasa wala mpira. Humwambia, "Nitafutie mashamba na mirathi ya Bungoma." Msichana husoma majina na namba za viwanja, na mzee husikiliza macho yamefumbwa. Mtu akidai kwamba hati yake ya shamba imepotea, tangazo huwekwa humo, na wenye pingamizi hupewa siku 60 kabla ya hati mpya kutolewa. Mtu akiomba kusimamia mali ya marehemu, tangazo huwekwa humo pia, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Ukinyamaza, utahesabiwa kuwa huna neno.

Ijumaa moja msichana alisoma jina la ndugu yake mzee, aliyekwisha kufa. Mtu alikuwa ameomba mirathi bila kuwataja watoto wa mke wa pili. Mzee akamwambia mjukuu, "Soma tena." Akasoma tena. Jumatatu yake mzee alikuwa mahakamani Bungoma pamoja na wale watoto, na pingamizi likaandikwa siku zikiwa bado zimebaki. Kesi haijaamuliwa, kwa hiyo hatutasema zaidi. Lakini watoto wale wana mahali pa kusimama, na aliyewapa ni mtu asiyejua a wala be. Sisi tuliojua kusoma tulikuwa tukiangalia mpira.

Sasa turudi kwa Bwana Kichwa cha Habari, kama tulivyoahidi.

Siku ya Wafanyakazi, Mei Mosi 2024, Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kiongezwe kwa asilimia 6. Maandishi yalikuwa makubwa. Bwana Kichwa akayasoma kwa muuzaji, akaenda kazini kifua mbele, na mwisho wa mwezi akadai nyongeza. Msimamizi akamwambia, "Nionyeshe amri." Hakuwa nayo. Akarudi kwetu amekasirika, akisema Chama kimelala.

Ukweli ni huu. Hotuba ya Mei Mosi ni ahadi. Inayomlazimisha mwajiri ni amri ya mishahara iliyochapishwa na Serikali, na amri hiyo husema yenyewe inaanza lini. Mwaka 2022 nyongeza ilikuwa asilimia 12. Amri yake ilichapishwa baadaye, lakini ikahesabiwa tangu Mei Mosi. Mwaka 2024 haikuwa hivyo. Amri ilianza kutumika Novemba 1, 2024, miezi sita baada ya hotuba.

Basi Novemba ilipofika, je, Bwana Kichwa alidai? Hakudai. Alikuwa amekwisha kukata tamaa tangu Mei, na safari hii hapakuwa na maandishi makubwa ya kumwamsha. Katika shamba moja, ambalo hatulitaji, watu walilipwa kwa kiwango cha zamani Novemba, Desemba, Januari na Februari, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtu wa shamba asiye na ujuzi maalumu alikuwa na kima cha Sh. 7,544.66 kwa mwezi kwa amri ya 2022. Amri ya 2024 ilimpandisha hadi Sh. 7,997.33. Tofauti ni Sh. 452.67. Mtu anaweza kusema hizo ni pesa ndogo. Zihesabu kwa miezi minne: zinapita Sh. 1,800. Muulize mama wa nyumba kama hizo ni ndogo.

Nani aliyeligundua jambo hili? Ni mama mmoja mpalilia, aliyekuja ofisini kuuliza habari nyingine, akaona amri imebandikwa ukutani, akasoma tarehe. "Novemba?" akasema. "Mbona mimi sijaona kitu?" Tulikwenda na hati zao za malipo, tukazungumza na mwajiri kwa adabu, na malimbikizo yakalipwa. Hapakuwa na mgomo wala matusi. Palikuwa na tarehe moja tu, iliyosomwa na mtu aliyejua kwamba inamhusu. Lakini na sisi tuna lawama yetu: amri ile ilikaa ukutani petu tangu Desemba, na hatukuwapelekea watu mashambani. Tulidhani kubandika ndiko kusoma.

Kwa hiyo halmashauri inaleta mambo manne mbele yenu.

Kwanza, kila kikundi cha kazi kinunue gazeti moja kwa wiki kwa kuchangiana, na lisomwe kwa sauti saa ya chakula. Bwana Shingo Ndefu atapumzisha shingo yake.

Pili, anayesoma asome habari yote mpaka chini, na kabla ya kuanza mabishano aseme mambo matatu: ni nani aliyesema, alisema lini, na neno lenyewe linaanza kutumika lini.

Tatu, kila Jumamosi kijana mmoja wa tawi atapitia Gazeti Rasmi la siku iliyotangulia na kuandika katika ubao wetu matangazo ya mashamba na mirathi ya upande huu, pamoja na amri za mishahara zikitoka. Mjukuu wa Kuka amekubali kumfundisha. Atafundisha na wazee wa halmashauri, kama hawataona haya.

Nne, kila mwanachama atunze hati zake za malipo. Anayeona amepunjwa alete mapema, kwa sababu sheria ina mpaka wa muda wa kudai, na mpaka huo haumngojei aliyelala.

Hatusemi muache mpira. Bwana Kinyumenyume na aendelee kuanza nyuma. Tunamwomba tu, akitoka nyuma, aje mpaka mbele. Wala hatusemi muache kucheka, maana kazi ni ngumu na mtu asipocheka atachoka upesi. Lakini tukimwona mzee ameshika gazeti juu chini, kabla ya kucheka na tumwulize ni neno gani alitaka kusomewa. Huenda likawa ni shamba la mtu.

 Maswali sasa, tafadhali, na anayetaka kwenda nje aseme wazi, ili tusihesabu mkono wake.