Kabla ya Tope la Athi Kuguswa

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Mbumbuni. Tumeyachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nianze na nisichokuja nacho. Sina mradi mfukoni, sina mkandarasi kwenye gari, na leo hakuna atakayewekewa karatasi ya kutia sahihi kabla hajaisoma. Nimekuja kuzungumza juu ya tope. Wataalamu huliita mashapo: ule udongo unaobebwa na mto, ukafika mahali maji yanapotulia, ukatua chini. Nataka tulizungumze sasa, wakati bado hakuna aliyeanza kulichimba huku kwetu, kwa sababu nimeona mara nyingi watu wakiulizwa maoni yao trekta likiwa tayari limewasha injini.

Kuna atakayesema, Athi hatuuoni kutoka hapa Mbumbuni, tope lake linatuhusu nini? Vijito vya vilima hivi vya Mbooni vyote huishia Thwake au Athi. Wenzetu wa Kalawa wako karibu na Athi wenyewe, na ng'ambo ni ndugu zetu wa Kitui. Na pale Thwake unapoingia Athi ndipo kuna lile bwawa kubwa ambalo ujenzi wake ulianza 2018. Limepangwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680, maji ya Makueni, Kitui, Machakos na mji wa Konza. Siku yatakapofika kwenye mabomba, habari ya tope itakuwa habari ya kila jiko.

Sasa tope hilo linatoka wapi? Athi wetu hupokea Mto Nairobi kabla haujafika Fourteen Falls kule upande wa Thika. Mto Nairobi nao umepita mjini: umepokea majitaka ya mitaa, maji ya viwanda, mafuta ya gereji, na umepita ubavuni mwa jaa la Dandora. Mwaka 2007 UNEP ilitoa matokeo ya uchunguzi uliopima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Hao ni watoto wa Nairobi, si wa Kalawa, na sisemi kwamba watoto wetu wana hali hiyo. Nawaambia tu ni vitu gani vinakaa kando ya maji ambayo baadaye yanateremka kuja kwetu.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Risasi, zebaki, kromu na madini mengine mazito hayakai majini kama chumvi inavyokaa kwenye mchuzi. Mengi yake hushikamana na udongo laini, ule mweusi unaoteleza ukiusugua kati ya vidole. Mchanga mkubwa hauyashiki sana. Kwa hiyo unaweza kuchota maji yanayoonekana safi juu ya tope lenye sumu. Na mvua ya Novemba ikija, mto ukifurika, tope lile lile huinuka tena na kuendelea na safari. Samaki wanaokula vijidudu vya chini hulipata. Ng'ombe anayeingia hadi magotini kunywa maji hulipata. Mboga inayonyweshwa kwa pampu ya mtoni hulipata pia, hasa pampu ikiwekwa karibu na sakafu ya mto.

Mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, "Mwanangu, si tunachemsha?" Ni swali zuri, na jibu lake si la kupendeza. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo tafadhali msiache. Dawa ya klorini pia inafanya kazi hiyo hiyo. Lakini madini hayafi kwa moto. Ukichemsha sana, maji yanapungua na madini yanabaki kwenye sufuria.

Bwawa linaongeza jambo moja. Mto ukifika kwenye maji yaliyotulia, hupunguza mwendo na kutua mzigo wake. Bwawa lolote ni mtego wa tope. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imekwisha kuonya juu ya uchafu wa maji ya Athi yanayotarajiwa kuingia bwawa hilo, na maseneta na wabunge wa kwetu wamelisema jambo hili Nairobi. Si siri, na mimi kama mfanyakazi wa serikali sioni sababu ya kulinong'ona.

Mwezi Machi 2025 Serikali Kuu ilizindua mradi wa kusafisha na kufufua Mto Nairobi. Sisi wa chini ya mto tuna haki ya kuufurahia, kwani chanzo kisipozibwa, kusafisha huku kwetu ni kufagia ua wakati wa upepo. Lakini mto ukichimbwa kule juu, tope linatibuka. Likitibuka, linateremka. Swali letu la kwanza basi si kama tunataka usafi. Nani asiyeutaka? Swali ni nani kati ya wanaoishi huku chini ameulizwa, na nani atapima maji ya Athi kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake.

Niwape mfano wa mbali kidogo, Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki kwenye ghuba kwa miaka mingi, hadi 1968. Wavuvi na familia zao waliokula samaki wakapata ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mji wao. Ilipofika 1977, serikali ikaanza kuondoa tope la chini ya ghuba. Mngedhani watu walishangilia. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani kuizuia kazi, wakihofia kwamba kulikoroga tope kungeirudisha zebaki majini na kwa samaki. Kazi ikasimama hadi 1980. Mahakama hatimaye haikuwakubalia, lakini kazi ilifanyika kwa tahadhari, ghuba ikiwa imezungushiwa nyavu ili samaki wenye sumu wasitoke nje. Ilikwisha 1990. Tope lilifungiwa nyuma ya kuta, likafunikwa kwa udongo safi, na leo mahali hapo ni nchi kavu ya kiasi cha hekta 58. Sitawaambia wale wakazi walikosea au walipatia. Ninachokiona ni kwamba waliuliza jambo ambalo mtu wa ofisini angelipita haraka: mkilitoa, litakwenda wapi, na njiani litamwagika kwa nani?

Kwa sababu kulichimba si njia pekee. Mahali pengine tope huachwa lilipo, likafunikwa kwa tabaka safi. Mahali pengine huachwa kabisa, chanzo kikafungwa, na miaka ikapita tope jipya safi likalifunika la zamani. Pengine huchimbwa kipande kimoja tu kilichozidi. Kila njia ina gharama yake na mtu wa kuilipa.

Na hapa Ukambani tuna jambo letu ambalo wa Minamata hawakuwa nalo. Mchanga. Nyote mnajua mto wa mchanga ni tangi la maji. Mto ukikauka juu, akina mama wanachimba kisima cha mchangani na kuteka. Mabwawa ya mchanga tuliyoyajenga kwa mwethya, mawe yakipitishwa mkono kwa mkono, yanafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana kaunti hii ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya watu kuumizana na kuuana kwa ajili ya malori. Sasa fikirini mtu amekuja na kibali kilichoandikwa "kuondoa mashapo". Mchanga nao ni mashapo. Bila mtu wa kijiji kusimama pale, nani atajua kama lori limebeba tope jeusi la kwenda kuzikwa au mchanga safi wa kwenda kujenga ghorofa? Kwangu mimi, kama mtaandika maoni moja tu, liwe hili: kibali chochote kitenganishe tope na mchanga, kitaje kina cha kuchimba, na kitaje mahali ambapo kila lori litamwaga.

Sheria iko upande wenu, na nitaitaja kwa haraka maana wengi mnaijua. Katiba, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 43 kinataja maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ihimize ushirikishwaji wa umma katika kutunza mazingira. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003 ziliweka wazi kwamba mwenye mradi mkubwa aitishe angalau mikutano mitatu na wanaoathirika, na atangaze kwa mabango, magazetini na redioni, pamoja na lugha za wenyeji. Mkipata mradi wa aina hii bila kusikia hata tangazo moja kwa Kikamba, mnajua pa kuanzia kuuliza.

Sasa nijisemee na sisi watu wa habari. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa uandishi, nilitumwa kuripoti mkutano wa maoni, mahali sitapataja. Mzee mmoja alieleza kwa robo saa jinsi mto unavyohama njia yake kila mafuriko, na akaonyesha kwa fimbo mahali bomba litakapong'olewa. Mimi niliandika "wakazi waunga mkono mradi", nikapiga picha ya mikono iliyoinuliwa. Bomba lilikwenda na mafuriko. Yale maneno ya mzee hayakuwa popote, si kwenye ripoti yao, si kwenye habari yangu.

Kwa hiyo leo sitahesabu mikono. Nitaandika mahali na mambo. Niambieni maji yanatulia wapi baada ya mafuriko, kona ipi, chini ya mwamba upi. Ni wapi tope limekuwa jeusi na linanuka, na limeanza mwaka gani. Watoto wanavua wapi? Mnachota wapi mwezi wa Septemba visima vingine vikikauka? Ni shamba la nani linanyweshwa na mto, na mboga zinauzwa soko gani? Hakuna mtaalamu anayeweza kuyajua haya kwa kuangalia ramani. Akija kuchukua sampuli bila haya, atachukua pale gari lake linapofika, karibu na daraja, na daraja huwa ndipo maji yanapokimbia na tope ni dogo. Matokeo yatatoka mazuri, na yatakuwa ya uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Kuna mambo mtakayoniuliza ambayo mimi si wa kuyajibu. Kiwango cha risasi kwenye samaki wa Athi ni kazi ya maabara, na leseni za viwanda vya juu ni kazi ya NEMA na ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Nitaandika swali na jina la ofisi inayodaiwa jibu. Nakala ya daftari hili itabaki kwa msimamizi wa wadi, ili mtu yeyote aweze kuja kusoma kama alichokisema ndicho kilichoandikwa. Asiyejua kuandika aseme, nami nitamsomea nilichoandika kabla hajaondoka.

Tuanze. Mama wa leso ya kijani amekuwa ameinua mkono tangu nilipotaja mchanga. Karibu mbele, mama, na tafadhali utuambie kwanza unateka maji mto gani.