Jina la Mtoto ni la Nani?

Somo: Luka 1:57–66

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto mchanga, na juu ya watu wazima waliomgombania kabla hajajua hata kushika kijiko.

Mtoto huyo alizaliwa London tarehe 6 Mei 2019. Baba yake ni Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth. Mama yake ni Meghan, Mmarekani ambaye mama yake mzazi ni mtu mweusi. Kwa siku mbili watu walikuwa wakibahatisha jina. Huko Uingereza hata kamari huchezwa juu ya jambo kama hilo, na wengi waliweka fedha zao juu ya majina mazito kama Alexander, Arthur na James. Tarehe 8 Mei jina likatangazwa: Archie Harrison Mountbatten-Windsor. Wala mbele yake hapakuwa na neno “mwana wa mfalme”.

Basi kelele zikaanza. Wengine walisema Archie si jina kamili, ni kifupi cha Archibald, kama vile mtu kumwandikisha binti yake Ciru badala ya Wanjiru. Wengine wakacheka kwamba ni jina la kijana wa katuni za Kimarekani. Wengine walilipenda. Mimi sikuona ubaya wake. Watoto wengi wa Uingereza walikuwa wakiitwa hivyo tayari. Na Harrison maana yake ni mwana wa Harry, jambo ambalo Mkalenjin asemaye “arap” na Mmaasai asemaye “ole” hawana haja ya kuelezwa.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya cheo. Kwa nini binamu zake George, Charlotte na Louis waitwe wana wa mfalme, naye asiitwe? Hapa inafaa tujue sheria, maana wengi walisema bila kujua. Mwezi wa Novemba 1917 Mfalme George V alitoa hati kwamba cheo hicho ni cha watoto wa mfalme au malkia anayetawala, na wajukuu wake kwa upande wa wana wa kiume. Vitukuu hawamo, isipokuwa mmoja tu: mwana wa kwanza wa mwana wa kwanza wa Prince of Wales. Huyo alikuwa George. Tarehe 31 Desemba 2012 Malkia Elizabeth alitoa hati nyingine ili ndugu zake George nao waingie. Archie hakuhusika na hati hiyo. Angeweza kuitwa Earl of Dumbarton, kwa kuwa baba yake alikuwa na cheo hicho pia, lakini hakuitwa hivyo. Ikatangazwa wakati ule kwamba ndivyo wazazi walivyopenda. Miaka miwili baadaye, katika mahojiano ya televisheni ya Marekani mwezi wa Machi 2021, mama alisema habari ya cheo haikuwa uamuzi wao. Akasema tena kwamba kabla mtoto hajazaliwa kulikuwa na maneno katika jamaa ile juu ya ngozi yake itakuwa nyeusi kiasi gani.

Ndugu msikilizaji, sheria ya 1917 iliandikwa miaka mia moja kabla ya ndoa hiyo, wala haikutaja rangi ya mtu. Hilo ni kweli, na yafaa lisemwe. Lakini ni kweli pia kwamba siku zile zile za Mei 2019 mtangazaji mmoja wa BBC alitoa katika mtandao picha ya bwana na bibi wakimshika mkono sokwe aliyevikwa nguo, eti mtoto wa kifalme anatoka hospitali. Tarehe 9 Mei alifukuzwa kazi. Alijitetea kwamba ulikuwa mzaha na kwamba hakufikiria habari za rangi, akaomba radhi. Mtoto alikuwa na umri wa siku tatu.

Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Mtu mzima akitukanwa ana kinywa chake. Waziri akichekwa ana watu wa kumwandikia majibu. Mtoto wa siku tatu ana nini?

Najua mtaniambia kwamba watu wana haki ya kuwasema wale wanaolishwa kwa kodi yao. Nakubali kabisa. Nyumba ya wazazi hao huko Windsor ilitengenezwa kwa pauni milioni 2.4 za fedha za umma, na watu waliouliza juu ya fedha hizo walifanya vema. Harry alizirudisha mwaka 2020. Hata hapa Kenya ningependa tuulize zaidi. Lakini kuuliza habari ya nyumba ni kitu kimoja, na kumdharau mtoto kwa jina lake au kwa nywele zake ni kitu kingine.

Haya, tarehe 4 Juni 2021 akazaliwa binti, huko California, akaitwa Lilibet Diana. Diana ni nyanya yake aliyekufa mwaka 1997. Lilibet lina hadithi yake. Malkia Elizabeth alipokuwa mdogo hakuweza kulitamka jina lake, akawa anasema Lilibet, na babu yake mfalme akalishika. Likawa jina la ndani ya nyumba. Mumewe Philip alimwita hivyo, naye Philip alikuwa amefariki tarehe 9 Aprili, hata miezi miwili haijapita.

Wengine wakasema, ni heshima nzuri kwa mwanamke mzee aliyefiwa. Wengine wakasema, wamemnyang’anya kitu cha pekee alichokuwa nacho. BBC ikatangaza kwamba Malkia hakuulizwa. Upande wa wazazi ukajibu kwamba yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu, na kama asingelikubali wasingelitumia jina hilo. Mawakili wakaandika barua. Mawakili, wapendwa, juu ya jina la mtoto aliye bado kitovu chake hakijakauka!

Mtu wa Nyeri, mahali ambapo Elizabeth alikuwako siku ile ya Februari 1952 alipopata kuwa malkia, angelishangaa. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Hakuna anayedhani nyanya ameibiwa. Amerudi. Lakini tusijisifu upesi. Wako wazee kati yetu ambao hawakwenda kumtazama mjukuu kwa sababu zamu yao ilirukwa. Na kijana wa Kikuyu akioa Mluo, au Mluhya akioa Mkamba, ndipo mtaona maneno. Upande mmoja wataka Wekesa kwa sababu alizaliwa wakati wa mavuno, upande wa pili wataka jina la babu, na mama mwenye kidonda cha uzazi amelala hapo katikati akisikiliza.

Sasa fungueni Luka sura ya kwanza. Kuna mama mwingine mwenye jina lile lile la malkia: Elisabeti. Amezaa mwana katika uzee wake, na majirani na jamaa wamefurahi pamoja naye. Angalieni jambo hilo, hawakuwa adui. Walikuja kwa upendo. Siku ya nane wakataka kumwita mtoto Zakaria kwa jina la baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamwambia kwamba katika jamaa yake hakuna mtu mwenye jina hilo. Kisha wakampita mama, wakaenda kumwashiria baba, aliyekuwa hawezi kusema.

Hivyo ndivyo furaha ya majirani inavyogeuka kuwa serikali. Kwanza wanakupongeza, halafu wanakuamuru. Nao waliona wana sababu: desturi ya jamaa ilikuwa upande wao. Ila jina la mtoto huyo lilikuwa limekwisha kutajwa na mwingine, wala hakuwaomba shauri. Zakaria akataka kibao, akaandika, na mara akaanza kusema tena. Kwa miezi yote alikuwa kimya, na kinywa chake kilifunguliwa aliposimama na mkewe mbele ya wakwe na majirani juu ya jina la mtoto wao. Akina baba, nadhani mmenisikia.

Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, mwanawe Charles akawa mfalme, na kwa sheria ile ile ya 1917 Archie na Lilibet wakawa sasa wajukuu wa mfalme upande wa mwana wa kiume. Cheo kikawaangukia. Tarehe 3 Machi 2023 Lilibet alibatizwa huko California, na katika kutangaza ubatizo huo wazazi walimwita binti mfalme kwa mara ya kwanza. Kelele zikaanza upya: mbona ninyi mliondoka katika kazi za kifalme, na sasa mwataka vyeo? Swali hilo wana haki kuliuliza kwa wazazi.

Lakini nani kati yenu amepata kumsikia mchungaji kwenye maji ya ubatizo akitaja cheo? Katika kanisa la Kianglikana, ambalo ndilo la jamaa hiyo, hulitaja jina la mtoto peke yake. Hasemi mheshimiwa, hasemi mwana wa mfalme, wala hata jina la ukoo halitaji. Archie alibatizwa Windsor tarehe 6 Julai 2019 na Askofu Mkuu wa Canterbury, na kwenye maji alikuwa Archie Harrison, kama mtoto wa mvuvi anavyokuwa kwa jina lake.

Nitawapa jambo moja la mwisho la kufikiri. Jina hilo la Mountbatten-Windsor, ambalo watu walilisikia kwa Archie wakaona kana kwamba mtoto ameteremshwa, liliwekwa na Malkia tarehe 8 Februari 1960, alipokuwa na mimba ya mwanawe Andrew. Siku kumi na moja baadaye Andrew akazaliwa, naye hakulihitaji, maana alizaliwa akiwa na cheo. Mwaka 2025, baada ya aibu nyingi, ndugu yake mfalme alimwondolea cheo hicho, naye sasa anaitwa Andrew Mountbatten-Windsor, mtu wa miaka zaidi ya sitini. Kilichobaki bila kuguswa ni lile neno la kwanza, alilopewa na wazazi wake na kubatizwa nalo.

Na majirani wale wa nchi ya milima ya Uyahudi? Luka hatuambii kama walikuja kulipenda jina la Yohana. Atuambia kwamba walistaajabu, wakaingiwa na hofu, kisha wakaanza kuulizana mtoto huyu atakuwa mtu wa namna gani.