Kimo Kinachosomeka kwa Namna Mbili: Usalama wa Ndege Zinazoingia Songwe na Nduli



Mada yangu inahusu zile dakika chache ambazo ndege imekwishaanza kushuka na rubani bado hajauona uwanja. Wakati huo anategemea chati iliyo mbele yake na maelekezo anayoyasikia redioni. Maelekezo hayo yakisomeka kwa namna mbili, ndege iko hatarini hata kama injini ni nzima na rubani ni mzoefu.

Huku kwetu hatari hiyo inazidi kwa sababu ya milima. Uwanja wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012 na kuupumzisha ule wa zamani uliokuwa katikati ya mji wa Mbeya, uko takriban futi 4,400 juu ya usawa wa bahari. Nduli, Iringa, uko juu zaidi kidogo. Kilele cha Mbeya kinapita futi 9,200 na Mlima Rungwe unazidi futi 9,700. Rubani aliyezoea Dar es Salaam akiambiwa ashuke hadi futi 8,000 anaweza kujiona bado yuko juu sana. Kumbe yuko futi 3,600 tu juu ya uwanja, na vilele vyote viwili vimemzidi kimo. Hewa nayo ni nyepesi: kwenye kimo hicho spidi halisi ya ndege inazidi ile inayosomeka kwenye kipimo kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo ndege inakata kona pana kuliko rubani anavyohisi. Ongezeni ukungu wa asubuhi wakati wa masika. Abiria wa Mbeya wanajua maana ya kufika juu ya Songwe na kurudishwa Dar es Salaam bila kukanyaga ardhi.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Chati inaagiza ndege ibaki futi 10,500 mpaka ipite alama fulani, ndipo ishuke. Kabla ya alama hiyo, mwongoza ndege anasema: "Shuka futi 8,000, endelea na utaratibu wa kuingia." Je, ile 10,500 bado ipo au imefutwa? Rubani mkuu anaamini ipo. Rubani msaidizi anaamini imefutwa, lakini ananyamaza kwa heshima. Mwongoza ndege hata hajui kwamba kuna swali. Novemba 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilirekebisha lugha ya redio kwa ajili ya jambo hilihili: vikomo vya kimo vilivyochapwa vinabaki mpaka mwongoza ndege avifute kwa kutamka. Ni kanuni nzuri. Kazi yetu ni kuhakikisha kila anayeshika redio anaitumia kwa maana moja.

Gharama ya kutofanya hivyo inajulikana. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea uwanja wa Dulles, nje kidogo ya Washington. Ilipewa kibali cha kuingia ikiwa bado mbali. Marubani wakaanza kushuka hadi futi 1,800, kimo kilichoandikwa kwa ajili ya sehemu ya mbele zaidi ya njia. Kinasa sauti kilionyesha kwamba rubani mkuu aliiona chati ikitaka futi 3,400 hadi alama ya Round Hill. Waliijadili, kisha wakahitimisha kwamba kibali kimewaruhusu kushuka. Mwongoza ndege naye alidhani kimo ni jukumu lao. Ndege ikagonga mlima, na watu wote 92 wakafa.

Linaloniumiza zaidi ni la kabla ya hapo. Wiki sita hivi nyuma, marubani wa shirika la United waliponea chupuchupu mahali palepale kwa tafsiri ileile. Waliripoti kwenye kampuni yao, na taarifa ikaishia humo. Marubani wa TWA hawakuipata. Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa ripoti za hiari unaosimamiwa na NASA, ili onyo la rubani mmoja liwafikie wengine wote.

Kwa hiyo, rubani mwenye mashaka aulize akiwa bado juu: "Thibitisha kimo cha chini kabla ya alama." Asipopata jibu linaloeleweka, abaki juu. Mafuta yatakayoungua ni machache. Akishatua, aandike siku hiyohiyo kwa kampuni yake na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, aambatishe chati na maneno yaliyotamkwa. Nawasihi wenye kampuni wasimwadhibu kijana aliyeripoti mashaka yake, maana wa pili hataripoti kabisa. Na jibu la ripoti hizo liwafikie hata marubani wa ndege ndogo zinazopeleka watalii Ruaha, ambao mara nyingi hawana ofisi kubwa ya kuwafuatilia taarifa.

Ombi langu kwa semina hii ni la kutekelezeka kabla ya mvua za Novemba. Marubani na waongoza ndege wakae meza moja na chati za Songwe na Nduli. Isomwe hatua moja baada ya nyingine kwa sauti, na kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, bila kuchungulia ya jirani, ndege inapaswa kuwa futi ngapi. Karatasi zitakapotofautiana, hatua hiyo iandikiwe ripoti papo hapo.